Mshika Nafasi

Menyu ilijifunga.

Dada Foleni aliifungua tena. Orodha ikashuka, maneno yakajipanga, na kabla kishale hakijafika katikati yake, kigurudumu cha mausi ya kompyuta kikajizungusha chenyewe chini ya kidole chake na orodha ikaruka juu ikapotea. Akaifungua mara ya tatu, ikajifunga. Mara ya nne hakuigusa. Aliikodolea macho tu, mikono mapajani, na menyu ikajifungua yenyewe, ikakaa wazi kidogo, kisha ikajifunga.

"Leo?" aliiambia mausi. "Mwaka mzima umetulia, kichaa kimekupanda leo?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa karani wa foleni ya upasuaji katika hospitali kubwa, kazi aliyoifanya miaka tisa, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika na kila mtu akamwita Dada Foleni. Kesho saa mbili asubuhi daktari bingwa wa matumbo angefanya upasuaji mmoja tu, wa kitanda cha kwanza, kisha angekwenda masomoni miezi sita. Na ghorofa ya pili, wodi ya wanawake, alilala mdogo wake Dada Foleni, kitinda mimba wa mama yao, akiwa na uvimbe tumboni ambao daktari huyohuyo alisema hauwezi kusubiri hata mwezi. Mfumo wa foleni hufungwa saa kumi kamili. Asiyekuwa kwenye kitanda cha kwanza saa kumi, kesho hapasuliwi. Ilikuwa saa saba na robo.

Kitanda cha kwanza kilikuwa na mgonjwa tayari, ila mgonjwa huyo hakuwa mtu.

Mfumo ule ulitumiwa na hospitali nyingi kwa pamoja, na ulikuwa na uroho wa ajabu. Nafasi ikikaa tupu dakika tano tu, hospitali nyingine ilinyakua daktari, chumba na vifaa. Makarani wakachoka kunyang'anywa. Basi miaka saba iliyopita Dada Foleni alibuni mgonjwa wa uongo wa kukalia nafasi mpaka mgonjwa wa kweli apatikane, akampa jina la Mshika Nafasi. Mfumo ulidai maelezo kamili, naye akayajaza yote huku wenzake wakiangua vicheko: tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu, uzito, jina la mama, hata kwamba hali vitunguu. Kila jioni Mshika Nafasi aliingizwa kitandani, na kila alipopatikana mgonjwa wa kweli, karani alifungua menyu ya jina lake, akachagua "Badilisha mgonjwa", kazi ikaisha. Ni sekunde kumi. Dada Foleni alikuwa amefanya hivyo mara zisizo na idadi, pengine huku akinywa chai kwa mkono wa pili.

Tatizo dogo lilikuwa kwamba orodha ya jioni, kabla jina halijabadilishwa, ilikwenda moja kwa moja kwa watu wa kipaza sauti. Kwa hiyo kila asubuhi, miaka saba, hospitali nzima ilisikia: "Mshika Nafasi, fika chumba cha maandalizi." Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakazoea, kama unavyozoea kelele za jenereta.

Saa nane kasoro Dada Foleni alimwita fundi.

Fundi wa kompyuta wa hospitali aliitwa Fundi Betri, kwa sababu ukimweleza shida yoyote, hata ya printa, hata ya mlango kukwama, aliuliza kwanza habari za betri.

"Umebadilisha betri?" aliuliza kabla hajavuka kizingiti.

"Mara mbili."

"Na hizo ulizoweka ni mpya?"

"Fundi, nimezitoa kwenye pakiti kwa mikono yangu. Kaa kwenye kiti changu."

Alikaa. Akaikagua meza, akasema mausi zisizo na waya hazipendi meza inayong'aa, akaweka faili chini yake. Menyu ikajifunga. Akachomoa kile kidude kidogo kinachopokea mawimbi ya mausi, akakihamishia tundu la mbele ya kompyuta, akieleza kwamba kule nyuma kilikuwa kinazibwa na chuma. Menyu ikajifunga. Akasema basi ni brauza, imejaa takataka, akazifuta takataka zote, na pamoja nazo nywila zote ambazo Dada Foleni hakuwa amezikariri. Akafungua brauza nyingine kabisa, akaingia kwenye mfumo, akajaribu menyu za wagonjwa wengine, kitanda cha pili, cha tano, cha nane. Zote zikakaa wazi, zina adabu zao.

"Si unaona?" Fundi Betri alijipangusa mikono. "Imepona."

"Fungua ya kitanda cha kwanza."

Akafungua. Ikamfungia usoni.

"Hii sasa ni dharau," alisema fundi. "Tumia kibodi."

"Menyu hizi hazisikii kibodi. Aliyeutengeneza mfumo alitaka tuelekeze mausi tu. Tumeshaandika barua tatu."

Dada Foleni alipiga simu makao makuu ya mfumo. Sauti ya kike iliyorekodiwa ikamwambia abonyeze moja kwa hili, mbili kwa lile. Hajabonyeza kitu, sauti ikasema, "Umechagua kurudi mwanzo." Akasubiri, ikasoma upya, ikasema tena, "Umechagua kurudi mwanzo." Mara ya tatu alikata simu akatoa tusi ambalo hakufundishwa na mama yake. Machozi ya hasira yalikuwa karibu. Ghorofa ya pili kulikuwa na binti wa miaka ishirini na mbili aliyenyimwa chakula tangu asubuhi kwa kuahidiwa upasuaji, na dada yake, mtu aliyewapangia foleni maelfu ya watu baki, alikuwa anashindwa kumwingiza yeye kwa sababu ya kidude kinachotosha kiganjani.

"Sasa dawa yake ndogo," Fundi Betri alisema. Alichomoa kipokezi akakitia mfukoni mwa shati. Akatoa betri zote mbili kwenye mausi, akailaza chali mezani kama mende aliyekufa. "Nakwenda kuleta mausi ya waya stoo. Hiyo haina ujanja."

Hakwenda. Kwenye skrini, kishale kilichokuwa pembeni kimetulia kilianza kutembea. Hakikuruka wala kutetemeka kama kinavyofanya mausi ikiwa mbovu. Kilitembea polepole, kikivuka kitanda cha nane, cha tano, cha pili, mpaka kikasimama juu ya jina la Mshika Nafasi. Na pale mezani, mausi iliyolala chali ikalia.

Tik.

Menyu ikafunguka.

"Dada," Fundi Betri alinong'ona. "Haina betri hiyo."

"Naona."

"Nakwambia haina betri." Alitoa kipokezi na betri, akavishika kwenye kiganja chake vyote vitatu akavihesabu kwa kidole, kama mtu anayetaka kuthibitisha kwamba hajaiba. "Hamna kitu humu ndani."

Tik, ilijibu mausi. Menyu ikajifunga.

Hapo ndipo Dada Foleni alipoisikia harufu. Ofisi ile ilinuka karatasi na vumbi la feni siku zote, lakini sasa, kutoka upande wa kiti cha wageni ambacho hakikukaliwa na mtu tangu asubuhi, ilikuja harufu ya shuka lililolaliwa na mwenye homa, jasho la chumvi lililokauka, likalowa, likakauka tena. Alikigeukia kiti. Mto wake wa sponji ulikuwa umebonyea.

"Nakwenda kuleta ile ya waya," Fundi Betri alisema, na safari hii alikwenda kweli, tena kwa kasi. Baada ya dakika kumi aliandika ujumbe kwenye simu: Dada samahani nimepatwa na dharura ya kifamilia. Wote hospitalini walijua hana mke, hana mtoto, na wazazi wake wako mbali.

Saa tisa na nusu. Dada Foleni alikuwa ameogopa, tena sana. Lakini juu ya woga ule kulikuwa na hasira kubwa zaidi, na hasira ndiyo iliyomkalisha kwenye kiti. "Sitoki," aliiambia skrini. "Hata ukija na ukoo wako wote, leo sitoki hapa."

Mlango ukagongwa, roho yake ikaruka. Alikuwa Bibi Mashuka, mwanamke mfupi wa makamo anayetandika vitanda vya chumba cha maandalizi na kufua mashuka yake, asiyepanda ghorofa ya ofisi ila akiwa na ugomvi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimekuja na swali moja tu, maana mgongo umechoka. Huyu mgonjwa wenu wa kitanda cha kwanza, mnampasua lini?"

Dada Foleni aliitazama skrini.

"Kila jioni jina lake liko kwenye karatasi, nami natandika," Bibi Mashuka aliendelea, akijishika kiuno. "Miaka ya mwanzo nilikuta asubuhi shuka limenyooka kama nilivyoliacha. Nikasema hewala, mgonjwa hakufika. Lakini miezi minne sasa nakuta limekunjamana. Lina jasho. Mto una shimo la kichwa. Nikadhani ni mlinzi anajiibia usingizi, nikamvizia juzi jioni nyuma ya pazia, nimpe maneno yake. Mlinzi hakuja. Hakuja mtu yeyote. Na godoro nililiona kwa macho yangu likibonyea, kichwani kwanza, halafu mgongoni, halafu miguuni, kama mtu anavyojilaza."

"Bibi." Dada Foleni aligeuza kiti chake kumwelekea. "Hakuna mtu huyo. Nilimtunga mimi."

"Ulimtunga. Ukampa jina?"

"Ndiyo."

"Na mama?"

"Ndiyo."

"Na kitanda, na shuka safi kila jioni, na kila asubuhi anaitwa kwa kipaza sauti mbele ya halaiki." Bibi Mashuka alikitazama kiti cha wageni, akatazama mto ulivyobonyea, akasogea karibu na mlango. Alipunguza sauti. "Wewe ungeitwa miaka saba, mwanangu, usingeitika?"

"Ni nani aliyeitika?"

"Mimi nafua mashuka, sijui majina yao. Ila binadamu si yeye. Binadamu angekuwa ameshalalamikia chakula."

Tik, mausi ilisema mezani, na Bibi Mashuka akaruka.

"Namtoaje, Bibi? Nina dakika ishirini na tano. Mdogo wangu anakihitaji kitanda hicho."

"Wengine mnawatoaje? Si mnawapa ruhusa? Mpe ruhusa, aende zake. Mgonjwa hatolewi kitandani kwa kufutwa jina, hata mimi ningegoma."

Dada Foleni aliokota betri na kipokezi ambavyo fundi alividondosha mlangoni alipokimbia, akavirudisha mahali pake. Safari hii aliiacha ile menyu ya "Badilisha mgonjwa", akafungua ya "Ruhusa". Ilifunguka laini. Orodha ikashuka: Amepona. Amehamishiwa hospitali nyingine. Ametoroka. Amefariki. Alipeleka kishale kwenye "Amepona". Kabla hajabonyeza, mausi ikamteleza. Akajaribu "Amehamishiwa", ikateleza. Akaishika kwa mikono miwili, akaikandamiza mezani kwa uzito wake wote, akaenda kwenye "Amefariki", na menyu ikajifunga kwa nguvu hata skrini ikazimika kwa sekunde moja, na harufu ya homa ikajaa chumba kizima.

"Umemkasirisha," Bibi Mashuka alinong'ona. "Unamuua mtu anakutazama?"

"Sasa nifanye nini? Nifanye nini, Bibi?"

"Huyo haandiki. Tangu mchana amekuandikia neno? Anachagua tu katika mnavyompa. Toa mkono wako. Mwache achague."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Dada Foleni alitoa mkono wake juu ya mausi, akaukumbatia kifuani. Mausi ikasota polepole juu ya faili, menyu ikafunguka, kishale kikapita juu ya "Amepona" bila kusimama, kikapita juu ya yote manne, kikashuka mpaka chini kabisa ya orodha, ambako kulikuwa na chaguo ambalo makarani hawalitumii kwa watu wazima. "Amekabidhiwa kwa ndugu wa karibu." Tik. Na ukurasa mpya ukafunguka, ukurasa wa ndugu wa karibu wa Mshika Nafasi, ambao Dada Foleni aliujaza siku ile ya vicheko na hakuutazama tena hata mara moja. Uhusiano: dada. Simu: namba yake mwenyewe. Makazi: nyumba yake mwenyewe, na mtaa, na rangi ya geti. Mfumo ulikuwa unadai namba inayopokelewa, naye alikuwa na haraka.

Chini ya ukurasa kulikuwa na kitufe kimoja. "Thibitisha." Kishale kilisimama kando yake kikasubiri.

"Usibonyeze," Bibi Mashuka alisema haraka. "Sikia, mwanangu. Hapa hospitalini tuko wengi, tunamgawana. Kwako atakuwa na wewe tu."

"Bibi, ni dakika sita."

"Wewe unaishi na nani?"

"Na mdogo wangu."

Bibi Mashuka alirudi nyuma mpaka mlangoni.

Dada Foleni aliitazama saa, akamwona mdogo wake kama alivyomwacha saa sita mchana, midomo imekauka, mkono juu ya tumbo, akisema kwa utani kwamba ana bahati ya kuwa na ndugu mwenye cheo, na akafikiri kwamba angeweza kwenda kwa daktari akalia, ila daktari naye hufuata orodha, na angeweza kukimbilia makao makuu, ila makao makuu yalikuwa mwendo wa saa nzima, na angeweza kuacha, akangoja miezi sita, akautazama ule uvimbe ukikua mpaka siku ambayo menyu ya ruhusa ingefunguliwa kwa jina la mdogo wake na karani mwingine angechagua neno la nne huku akinywa chai, na wakati anafikiri haya yote mkono wake ulikuwa umekwisha kuifikia mausi, nayo ilikuwa na joto, joto la mkono wa mtu mwenye homa, na haikuteleza tena, ilitulia ndani ya kiganja chake kabisa, na ilimchukiza kwamba ilitulia hivyo, na alibonyeza.

Tik.

Kitanda cha kwanza kikabaki tupu. Aliandika jina la mdogo wake, akakosea, akafuta, akaandika upya, akafungua menyu, akachagua, akathibitisha. Saa kumi kasoro dakika mbili. Mto wa kiti cha wageni ulikuwa umeinuka na harufu imeondoka. Bibi Mashuka alimgusa bega, akatoka.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Uvimbe ulitoka mzima, daktari aliuonyesha kwenye chombo, akasema wangechelewa wiki mbili tu habari ingekuwa nyingine. Dada Foleni alilia ukumbini bila aibu. Siku zile nne za wodi alilala kwenye kiti kando ya mdogo wake, hakurudi nyumbani hata kubadilisha nguo, akawaambia watu kwamba ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo. Lakini pia hakutaka kufungua mlango ule peke yake.

Siku ya tano, saa nane mchana, walirudi pamoja. Alifungua geti, akafungua mlango, akanusa. Nyumba ilinuka vumbi na sabuni, basi. Alikagua jikoni, sebuleni, bafuni, chini ya vitanda, nyuma ya mapazia, akihema. Hakuona kitu. Akajicheka. Alimlaza mdogo wake kwenye kitanda kikubwa cha chumbani, upande wa mlangoni, akamfunika, akaenda kuchemsha maji.

Aliporudi na kikombe, mdogo wake alikuwa amefumba macho, amejikunja ukingoni kabisa mwa godoro, karibu aanguke. Jua lilikuwa linaingia dirishani, chumba chote kimeangaza.

"Sogea katikati, utaanguka."

"Sina pa kusogea," mdogo wake alisema kwa sauti nzito ya usingizi. "Dada, mwambie atupishe kidogo. Mshono unaniuma."

Dada Foleni alisimama mlangoni. Upande wa ukutani mto ulikuwa na shimo la kichwa, na shuka alilolinyoosha mwenyewe dakika tano zilizopita lilikuwa limelowa. Miguu ilimwambia kimbia. Alikuwa amechoka, ana hofu, na ana hasira zilezile za mchana ule wa ofisini, na hapakuwa na kitu cha kubonyeza.

"Sogea," aliuambia upande wa ukutani. "Huyo ni mgonjwa."

Godoro likainuka kidogo, likabonyea tena karibu zaidi na ukuta, taratibu, bila ubishi. Mdogo wake alijivuta katikati, akanyoosha miguu, akashusha pumzi.

"Asante, kaka," alisema, akalala.